Ini la Kitimoto, Maziwa ya Ngamia na Panya wa Stoo: Namna ya Kujikinga na Homa ya Ini E

Kijana mmoja aliyekuwa akichinja nguruwe kwenye machinjio niliyokuwa nakagua alikuja kazini asubuhi moja macho ni ya njano kama kiini cha yai. Mkojo, aliniambia kwa sauti ya chini, ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Nikamwambia aende kupima siku ileile. Akapimwa malaria, hana. Akapimwa homa ya ini, akaambiwa hana. Alirudi na cheti mkononi, amefurahi, na macho bado ni ya njano.

Kipimo alichofanyiwa kilikuwa cha homa ya ini B peke yake. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Alipona baada ya wiki nne hivi, akarudi kwenye kisu chake, na mpaka leo hatujui ni kipi kilichompata. Toka siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu homa ya ini inayotoka kwa wanyama. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama yeye: anayefuga, anayechinja, mwenye bucha, anayekaanga, na anayekaa mezani kusubiri sahani.

Kwanza, tenganisha majina

Majina ya magonjwa haya yanafanana, na mtu akichanganya jina huchanganya na kinga. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa. Huenezwa na mbu, na ndio wenye ile kadi ya chanjo unayodaiwa ukisafiri. Homa ya nguruwe, ile inayomaliza banda zima kwa siku chache, haimpati binadamu. Umanjano, yaani macho na ngozi kugeuka rangi, ni dalili tu: ini limeshindwa kuondoa rangi ya nyongo kwenye damu. Malaria kali inaweza kuuleta, na pombe na baadhi ya dawa pia.

Homa ya ini yenyewe ni ini kuvimba, na virusi vinavyolivimbisha vimepewa herufi, A mpaka E. B ndiyo tunayoisikia zaidi kwa sababu hupita kwa damu, kwa ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na ina chanjo. Chanjo hiyo haikukingi na E. Hili nalirudia kila mahali, maana nimekutana na wachinjaji waliochanjwa B wakaamini wamemalizana na homa ya ini yote.

E ina sura mbili. Aina ya 1 na ya 2 ni za binadamu, na husafiri kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi. Hiyo ndiyo iliyoikumba Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwaka 2007, watu zaidi ya 10,000 wakaugua, na ndiyo iliyoingia kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, mwaka 2012. Aina ya 3 na ya 4 makazi yake ni mnyama, hasa nguruwe, na mtu huangukiwa nayo hasa anapomla au kumhudumia. Aina ya 7 iko kwa ngamia. Panya naye ana kirusi chake, ndugu wa mbali wa hivi vingine, ambacho kwa muda mrefu kilidhaniwa hakimgusi mtu.

Ukishayajua haya utaelewa kwa nini hatua zinazofuata haziishii kwenye kuchemsha maji. Maji yaendelee kuchemshwa. Lakini kuna njia nyingine inayopita bandani, kwenye kisu, na kwenye kikaango.

Elewa mnyama anavyokibeba

Mwaka 1997 watafiti nchini Marekani, Xiang-Jin Meng na wenzake, walikikuta kirusi hiki kwa nguruwe. Tangu hapo kimeonekana kwa nguruwe karibu kila nchi iliyowapima. Kinachosumbua ni kwamba nguruwe haugui. Anakula, ananenepa, mkia umejikunja vizuri. Kirusi kiko kwenye ini, kwenye nyongo na kwenye kinyesi, na yeye wala hana habari.

Hapa nataka kusema ukweli kuhusu kazi yangu mwenyewe. Mkaguzi wa nyama anaweza kuona tegu. Ukipasua ulimi au msuli wa moyo unaziona zile chembe nyeupe kama punje za mchele, na mzoga unaukataa. Ini lenye virusi vya E huwezi kuliona. Linang'aa, lina rangi nzuri, halina harufu. Muhuri wa bwana nyama una maana kubwa na usinunue nyama isiyo nao, lakini muhuri huo haukuambii kwamba ini halina E. Kazi hiyo inabaki kwa mpishi.

Jambo la pili ni umri. Nguruwe wengi huambukizwa wakiwa na miezi miwili hadi minne, kinga waliyoipata kwa mama ikishapungua. Kwa wiki kadhaa hutoa virusi kwenye kinyesi, kisha mwili wao unashinda. Akifika miezi sita au zaidi, wengi wameshamaliza, ingawa si wote. Kwa hiyo kuchinja nguruwe mdogo wa miezi mitatu au minne kwa sababu ada ya shule imefika ni kumchinja katika kipindi kibaya kuliko vyote. Najua shida ya fedha haingoji. Ukilazimika, ini na utumbo wake vipikwe kwa uangalifu wa pekee, au vifukiwe.

Bandani

Usichanganye watoto wa nguruwe wa mama mbalimbali kila unapopata nafasi. Kila unapowachanganya, wale ambao hawajaambukizwa hukutana na wanaotoa virusi, na ugonjwa unazunguka bandani kwa muda mrefu zaidi, hata ukawakuta wenye umri wa kuchinjwa. Uzao mmoja ukae pamoja toka kunyonya hadi kuuzwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Wakitoka, safisha chumba kizima, kikauke, ndipo uingize wengine.

Weka gambuti za bandani ambazo hazitoki bandani. Nimeona nyumba nyingi ambazo gambuti moja hiyohiyo inaingia kwenye nguruwe, inapita uani walipo watoto wanaotambaa, inasimama mlangoni mwa jiko. Jozi moja ya gambuti, koti moja kuukuu na ndoo ya maji yenye bomba mlangoni mwa banda vinatosha kukata njia hiyo.

Samadi ni mali, usiitupe, lakini angalia inakoelekea. Kwenye mteremko, banda liwe chini ya kisima, si juu yake, na kuwe na umbali wa mita 30 angalau. Samadi mbichi isimwagwe kwenye mchicha, saladi, karoti au chochote kinacholiwa bila kupikwa. Irundike, ifunike, iive kwa miezi kadhaa, kisha iende kwenye mahindi au migomba. Na kama mfereji wa banda unaingia kijito ambacho wenzako wa chini wanachota maji, hilo ni la kurekebisha wiki hii.

Nguruwe wanaozurura hula kinyesi cha watu, wakapata tegu, na huacha chao kila walikopita, hata kisimani. Wafungie.

Sasa mikono. Ile dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti iliyozoeleka wakati wa korona haitoshi hapa, kwa kuwa kirusi cha E kiko miongoni mwa vile visivyouliwa kwa urahisi na spiriti. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kinga yako, na ukucha usuguliwe. Fanya hivyo unapotoka bandani, kabla ya kushika mtoto, kabla ya kuwasha sigara, kabla ya kula muhogo wa kuchoma ambao mtu amekuletea palepale kazini.

Machinjioni na buchani

Wachinjaji, sehemu ya kuogopa ni pale mnapofungua tumbo. Utumbo ukitoboka, au kifuko cha nyongo kikipasuka, kila kilicho karibu kinapata. Funga mwisho wa utumbo kwa kamba kabla ya kuutoa. Nyongo itoe nzima pamoja na sehemu ndogo ya ini kuliko kuing'oa kwa haraka. Ikipasuka juu ya nyama, kata sehemu hiyo uitupe. Kuifuta kwa kitambaa kile ulichofutia kisu ni kuitandaza tu.

Kisu cha utumbo kiwe chake. Kidole kilichokatwa kifungwe plasta na glovu juu yake. Mwenye kidonda kibichi asishike matumbo siku hiyo. Usile na usivute sigara ukiwa na aproni mwilini, na usinawe uso kwa maji ya ndoo iliyooshewa utumbo. Najua maji machinjioni mara nyingi ni ya kubeba. Basi hata ndoo mbili zenye bomba, moja ya mikono na moja ya visu, zinabadilisha mambo mengi kuliko bango la onyo.

Mwenye bucha: ini lipewe mfuko wake. Usilitupie juu ya nyama nyingine kwenye mizani, na usimkatie mteja ini kisha ukamkatia nyama ya ng'ombe kwa kisu hichohicho.

Jikoni

Jikoni ndiko kirusi hiki kinakomalizwa au kuachwa kipite, kwa hiyo nivumilie nikizungumza kirefu.

Nchini Japani, mwaka 2003, iliripotiwa kwamba watu kadhaa waliokula nyama mbichi ya kulungu waliugua homa ya ini E wiki sita hivi baadaye. Bahati ilikuwa kwamba nyama nyingine ilikuwa imebaki kwenye jokofu. Ilipopimwa, kirusi kilichokuwamo kililingana na kile cha wagonjwa. Ndugu zao ambao hawakuila, au walionja kidogo sana, hawakupata. Mwaka 2015 Japani ikapiga marufuku kuuza nyama na maini ya nguruwe yaliwe mabichi. Ufaransa nako, kwenye kisiwa cha Corsica, kuna soseji ya ini la nguruwe iitwayo figatellu ambayo wengine huila bila kuipika, na wagonjwa wameunganishwa nayo.

Sisi hatuli nyama mbichi, utasema. Ni kweli. Lakini tunakula mshikaki wa ini ambao nje umeungua na ndani bado unatoa maji mekundu. Tunakula ini la kukaanga haraka kwa sababu likikaa sana linakuwa gumu, na fundi jikoni anajivunia ulaini wake. Hapo ndipo penye kasoro.

Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa maini ya nguruwe yenye kirusi yanaeleza vizuri. Ini lililokaa kwenye nyuzi joto 56 kwa saa nzima bado liliwaambukiza nguruwe waliodungwa sampuli yake. Lililochemshwa au kukaangwa mpaka katikati yake pakafika nyuzi 71 halikuambukiza. Wafaransa walipojaribu kwa ini lililosagwa pamoja na mafuta, ilibidi likae nyuzi 71 kwa dakika 20 ndipo kirusi kife kabisa. Kwa kuwa wengi wetu hatuna kipimajoto cha nyama, fanya hivi.

Kata ini vipande vyembamba, unene usiozidi kidole. Lichemshe kwanza, maji yakiwa yanatokota kweli, kwa dakika 20. Hata Mbeya au Njombe, ambako kwa sababu ya mwinuko maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, joto hilo bado linapita nyuzi 71 kwa mbali. Baada ya hapo kaanga, tia kitunguu, hoho, nyanya, upendavyo. Ukitaka kuchoma, choma lililokwisha kuchemshwa. Moshi na mkaa utaupata uleule. Kipande kinene kuliko vyote kipasue katikati ukiangalie. Kikiwa na wekundu au waridi, rudisha jikoni. Utumbo, figo na damu iliyogandishwa vifuate utaratibu huohuo. Nyama ya kawaida, ya mbavu au paja, hatari yake ni ndogo kuliko ini, ila nayo iive mpaka kwenye mfupa, na hapo utakuwa umemaliza na tegu pia.

Vitu ambavyo haviui kirusi hiki: limau, siki, pilipili, chumvi, kuloweka kwenye bia, kukausha kwa moshi. Friza inakitunza tu.

Halafu kuna kachumbari. Nimekaa kwenye vibanda vya kitimoto vingi, na hiki ndicho ninachokiona mara kwa mara: mpishi anakata nyama mbichi kwenye kigogo, anapangusa kigogo kwa kitambaa, anakata nyanya na vitunguu palepale, anamimina kwenye sahani ya mteja. Nyama imekaangwa nusu saa na ni salama kabisa. Kachumbari haikupita motoni hata sekunde moja. Ukitaka kuchagua jambo moja tu la kubadilisha kwenye biashara yako, chagua hili: ubao wa mboga na kisu chake vikae meza nyingine, na vishikwe na mtu ambaye leo hajagusa nyama mbichi. Kama uko peke yako, tengeneza kachumbari yote asubuhi kabla nyama haijafika, uifunike.

Mteja naye ana haki ya kuangalia jikoni. Nikiona kigogo kimoja, naomba ndizi za kukaanga badala ya kachumbari, na namwambia mpishi kwa nini.

Wanaofuga sungura wafuate haya pia, kwani kirusi cha aina hii kipo kwa sungura na kimeshaonekana kwa watu huko Ufaransa. Wanaopata nyama ya nguruwe pori au ngiri kwa njia halali wasiichukulie kuwa safi kwa sababu tu imetoka porini. Huko Ulaya nguruwe pori ni miongoni mwa wabebaji wakubwa.

Kwa ndugu wasiogusa nguruwe

Wapo wanaosoma mpaka hapa wakisema haya hayawahusu. Naomba wasiache kusoma.

Mwaka 2014 kirusi cha E kiliripotiwa kwa ngamia wa Dubai. Miaka miwili baadaye likaripotiwa tukio la mtu wa Umoja wa Falme za Kiarabu aliyekuwa amepandikizwa ini, ambaye alizoea kula nyama na kunywa maziwa ya ngamia. Alipata homa ya ini E isiyoisha, na kirusi chake kilikuwa kile cha ngamia. Kisha zikapimwa damu za ngamia zaidi ya 2,000 kutoka nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Somalia, Sudan na Misri. Karibu nusu yao walikuwa na alama kwamba walishawahi kuambukizwa. Waliokuwa na kirusi chenyewe mwilini siku hiyo ya kupimwa walikuwa wachache sana, na hilo ni la kushukuru, lakini linatuambia kwamba kirusi kinazunguka miongoni mwa ngamia wetu toka zamani.

Kwa mtu wa Garissa, Wajir, Isiolo au Marsabit, na kwa ndugu walioko Oman na Ghuba, hatua ni hizi. Maziwa ya ngamia yachemshwe mpaka yatokote, hasa ya mtoto, mjamzito na mgonjwa. Kuyagandisha yawe susa hakutoshi kama hayakuchemshwa kwanza. Chemsha, yapoe, ndipo utie chachu. Mkamuaji anawe kwa sabuni kabla na baada, na kiwele kioshwe, kwa maana kinyesi kikiingia kwenye chombo, maziwa yamekwisha kuchafuka. Ini la ngamia, ambalo wapo wanaolipenda bichi likiwa bado na joto la mnyama, lipikwe. Nyirinyiri, yaani nyama iliyokaangwa kwenye mafuta mpaka ikauka, haina wasiwasi.

Panya

Hongkong, mwaka 2018, mtu mmoja wa miaka 56 aliyekuwa amepandikizwa ini alionekana kuwa na kirusi cha homa ya ini cha panya. Lilikuwa tukio la kwanza kuthibitishwa duniani. Wengi walidhani ni kwa sababu kinga yake ilikuwa imepunguzwa na dawa. Haukupita muda, mtu mwenye kinga nzuri aliyerejea Canada kutoka safari ya Kongo na Uganda akaugua vikali, naye akakutwa na kirusi cha panya. Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu vipimo vya kawaida vya kutafuta kirusi cha E mara nyingi havikioni cha panya. Kimetofautiana mno na virusi vingine vya E.

Kwa hiyo panya wa stoo, ambao tumezoea kuwalaumu kwa gunia la mahindi tu, wana makosa mengine. Nafaka ikae kwenye pipa la chuma au mfuko usiopitisha hewa, juu ya kichanja. Vyombo vilivyokaa usiku kucha nje ya kabati vioshwe kabla ya kupakuliwa. Sufuria ya mabaki ifunikwe kwa kitu kizito, kwani kitambaa panya anakisukuma. Kinyesi cha panya usikifagie kikiwa kikavu. Kinyunyizie maji ya klorini kwanza, kaa dakika kadhaa, kisha kifute. Panya aliyekufa mtegoni mshike kwa mfuko wa plastiki, umfukie.

Wanaokula panya wa mashambani, na kusini kwetu hicho ni kitoweo cha heshima, watoe matumbo nje mbali na jiko, wanawe, kisha wapike mpaka nyama iachane na mfupa.

Kuna faida nyingine hapa. Mwaka 2022, kule Lindi, watu waliugua na wengine wakafariki kwa homa ya mgunda, ambayo nayo mara nyingi huletwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na nayo hugeuza macho njano. Ukiwadhibiti panya unajikinga na yote mawili.

Ukiona dalili

Tangu kirusi kiingie hadi mtu kuugua hupita wiki mbili hadi kumi, mara nyingi tano au sita. Kwa hiyo usijiulize ulikula nini jana. Jiulize mwezi na nusu uliopita ulikuwa wapi, ulichinja nini, ulikula ini la nani. Wengi wanaoipata kutoka kwa nguruwe hawaugui kabisa. Wanaougua huanza na uchovu, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, homa ndogo, maumivu chini ya mbavu za kulia. Mkojo unakuwa mweusi, choo kinapauka, kisha macho.

Ukifika hospitali, sema haya kwa maneno yako: "Daktari, nafuga nguruwe," au "nachinja," au "nakunywa maziwa ya ngamia yasiyochemshwa," au "nyumbani kuna panya wengi. Nikipimwa B na C nikakutwa sina, naomba tuangalie E, na homa ya mgunda pia." Kipimo cha damu cha E kinachotafuta maambukizo mapya huitwa IgM, na hospitali kubwa na maabara za rufaa zinaweza kuongeza PCR, kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Usione haya kutaja kazi yako. Kijana wangu hakuulizwa, naye hakusema.

Hakuna dawa maalumu kwa mtu mwenye kinga nzuri. Mwili hushinda wenyewe ndani ya wiki chache. Anahitaji kupumzika, kunywa maji ya kutosha na kula kidogokidogo. Pombe aache kabisa. Panadoli asimeze bila kuuliza, maana hata hiyo hupitia ini, na mizizi na majani ya kuchemsha ambayo kila jirani atamletea ayaweke kando kwa heshima. Ini lililovimba halihitaji mzigo mwingine. Akianza kuchanganyikiwa, kulala bila kuamka vizuri, kutapika mfululizo au kutoka damu puani na kwenye fizi, hiyo ni dharura ya usiku huohuo.

Mjamzito mwenye macho ya njano asisubiri hata asubuhi. E ile ya maji, aina ya 1, ni mbaya mno kwao: katika miezi mitatu ya mwisho inaweza kuua hadi mmoja kati ya wanne au watano. E ya nguruwe haijaonyesha ukali huo kwa wajawazito, lakini ukiwa nyumbani huwezi kujua ni ipi.

Kundi jingine ni wenye kinga iliyoshuka: waliopandikizwa ini au figo, wanaotibiwa saratani, wanaoishi na VVU ambao kinga yao iko chini. Kwao aina ya 3 inaweza kukaa mwilini miezi na miaka ikilikausha ini polepole. Hao ini la nguruwe waliache kabisa, na waseme mapema kama wanafuga, kwa sababu kwa ugonjwa unaokaa hivyo ipo tiba. Madaktari hupunguza dawa za kushusha kinga au hutumia ribavirini. Wenye homa ya ini B ya muda mrefu na wenye ini lililoharibiwa na pombe nao wawe waangalifu, kwani E ikilikuta ini bovu hulimalizia.

Chanjo ipo. China iliiidhinisha mwaka 2011, inaitwa Hecolin, hutolewa dozi tatu ndani ya miezi sita. Mwaka 2022 ilitumika Bentiu, Sudan Kusini, ikiwa mara ya kwanza duniani kukabili mlipuko kwa chanjo hiyo. Haimo kwenye ratiba ya chanjo zetu za kawaida, kwa hiyo sabuni na moto vitaendelea kuwa kinga yetu.

Mgonjwa akiwa nyumbani, atumie choo chake kama kinapatikana. Kama hakipatikani, sakafu na mpini wa mlango vioshwe kwa klorini kila akitoka. Kinyesi hubeba kirusi toka siku chache kabla ya kuugua mpaka wiki tatu au nne baadaye. Na kama mgonjwa mwenyewe ndiye mkaanga nyama wa kibanda, sufuria ishikwe na mtu mwingine mpaka wiki nne zipite tangu alipoanza kuugua, hata kama anajisikia mzima na wateja wanamuulizia.